Barafu, Magongo na Nchi ya Almasi

Mtu aliyezaliwa baina ya Shinyanga na Geita, katika nchi ambayo maji ya malambo hukaushwa na jua lakini aslani hayagandi, huenda akadhani kwamba mpira wa magongo wa barafuni haumhusu kwa lolote. Walakini historia ya migodi yake mwenyewe yamkanusha. Dakta John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada aliyegundua almasi ya Mwadui mwaka 1940 na kukaa papo hapo mpaka mauti yalipomfika mwaka 1958, elimu yake ya miamba aliipata katika Chuo Kikuu cha McGill, mjini Montreal. Na wanafunzi wa chuo hicho walikuwa miongoni mwa vijana waliocheza mchezo huu ndani ya jengo kwa mara ya kwanza inayokumbukwa, tarehe 3 Machi 1875. Siku ile walipambana tisa kwa tisa, na badala ya mpira wa duara walitumia kisahani cha ubao, kwa hadhari ya kuwadhuru watazamaji. Baada ya Williamson walikuja Wakanada wengine, maana mwaka 1999 kampuni ya Barrick ya Toronto iliutwaa mgodi wa Bulyanhulu, upande wa Kahama. Si vibaya basi kuufahamu mchezo ambao sheria ya nchi yao ya mwaka 1994 imeutaja kuwa mchezo wa taifa wa majira ya baridi.

Kila upande huwa na watu sita kiwanjani, mlinda lango mmoja, walinzi wawili na washambuliaji watatu, nao huteleza kwa viatu vyenye makali ya chuma, wakikipiga kwa magongo kisahani cha mpira mgumu chenye upana wa sentimita 7.6 na uzito usiozidi gramu 170. Mchezo una vipindi vitatu vya dakika 20, na saa husimamishwa kila mchezo unaposimama, hivyo hakuna faida ya kujilaza chini kupoteza wakati. Mbio zake ni za kuchosha mno, hata mchezaji hawezi kudumu barafuni dakika nzima kwa nguvu zake zote. Kwa hiyo hupokezana bila kungoja ruhusa ya refa, hawa wakitoka na wale wakiingia ilhali mchezo unaendelea, mfano wa wachimbaji wapokezanao zamu, isipokuwa zamu hizi ni za sekunde 45 hivi. Kugongana kwa bega ni halali. Anayemkwatua mwenziwe kwa gongo, au kulipandisha juu likampiga mtu, hufungiwa kizimbani dakika mbili, na timu yake hucheza pungufu mpaka muda huo uishe au wapinzani wafunge bao. Mimi naipenda hukumu hii kuliko kadi yetu ya njano, ambayo humwonya mkosaji kisha ikamwacha aendelee na mchezo kana kwamba hakutenda neno.

Katika Olimpiki mchezo huu uliingia kwa mlango wa kiangazi, huko Antwerp mwaka 1920, kabla ya michezo ya majira ya baridi kuanzishwa Chamonix mwaka 1924. Katika mashindano saba ya mwanzo Kanada ilitwaa dhahabu mara sita, ikapokonywa na Uingereza mara moja tu, mwaka 1936. Kisha wakaja Warusi wa Kisovieti, wakatawala kwa muda wa kizazi kizima. Waliojaribu kuwazuia aghalabu waliaibika, hata ilipofika tarehe 22 Februari 1980, katika mji mdogo wa Lake Placid, vijana wa Kimarekani waliotoka vyuoni wakawashinda mabao 4 kwa 3, na siku mbili baadaye wakaishinda Finland na kuvikwa dhahabu.

Mwaka huohuo, mwezi Julai, Tanzania nayo ilishika magongo katika Olimpiki. Ilikuwa Moscow, tena juu ya kiwanja kikavu, katika mashindano ambayo mataifa mengi yalikuwa yameyasusia; vijana wetu walifungwa na India mabao 18 kwa sifuri, wakamaliza wa sita baina ya timu sita. Naitaja hesabu hiyo bila kejeli, maana India ndiyo iliyotwaa dhahabu mwaka ule, na anayekubali kusimama mbele ya bingwa ana heshima yake hata akifungwa.

Watu husema barafu ni neema ya nchi za baridi. Hapo zamani, mito na maziwa yalipokuwa ndiyo viwanja, neno hilo lilikuwa kweli. Leo mashindano makubwa yote huchezwa chini ya paa, juu ya barafu iliyotengenezwa kwa mitambo. Ndani ya sakafu ya saruji hutandazwa mabomba yanayopitisha maji ya chumvi yaliyopozwa kupita kiwango cha kuganda, na juu yake maji hunyunyizwa tabaka kwa tabaka mpaka unene ufike sentimita tatu hivi. Elimu ya namna hiyo si ngeni kwetu: viwanda vya samaki vya Mwanza hugandisha minofu ya sangara kila siku, jua la ikweta likiwaka nje. Kinachotutenga na mchezo huu si hali ya hewa bali ni gharama.

Ushahidi uko Nairobi. Mwaka 2005 hoteli ya Panari, katika Barabara ya Mombasa, ilifungua kiwanja cha barafu, na humo ikazaliwa timu ya Ice Lions, yaani Simba wa Barafu. Kwa miaka mingi Simba hao hawakuwa na mpinzani wa kucheza naye ila wao kwa wao, hata mwaka 2018 walipoalikwa Kanada, wakavaa jezi zao, na miongoni mwa waliojiunga nao barafuni akawamo Sidney Crosby, yuleyule aliyefunga bao la ushindi wa Kanada dhidi ya Marekani katika muda wa nyongeza, huko Vancouver mwaka 2010. Mwaka 2024 Kenya ilipokelewa katika shirikisho la kimataifa la mchezo huo kama mwanachama mshiriki.

Njia ya kufika Olimpiki bado ni ndefu, kwa kuwa mashindano ya wanaume huchukua timu 12 tu kutoka dunia nzima, na kiwanja cha Panari ni kidogo kuliko kile cha kimataifa chenye urefu wa mita 60 na upana ufikao mita 30; mtu aliyezoea nafasi finyu hupotea akitupwa katika pana. Simba hao, kwa maoni yangu, wanahitaji kiwanja kabla ya kuhitaji kocha, na mwenye mtaji aweza kukijenga Nairobi, Dar es Salaam, au hata Kahama, maadamu umeme haukatiki na yuko wa kulipa bili yake.