Msimamo wa Ligi Katika Msimu Uliovurugika

Mei 2022 timu ya vijana ya hoki ya barafuni ya Saint John Sea Dogs, kutoka jimbo la New Brunswick mashariki mwa Kanada, ilitolewa katika raundi ya kwanza ya mtoano wa ligi yake. Waliowatoa ni Rimouski Océanic, kwa mechi 3 dhidi ya 2. Saint John ilikuwa imeshinda mechi 47 kati ya 68 za msimu, na ilikuwa na mfungaji bora wa ligi nzima, William Dufour, aliyepachika mabao 56. Baada ya kipigo hicho kocha akafukuzwa. Juni 29 mwaka huohuo kikosi kilekile kiliifunga Hamilton Bulldogs 6-3 na kutwaa Memorial Cup, taji kubwa kuliko yote katika hoki ya vijana ya Kanada. Mtu anayetaka kupima nafasi ya timu ya vijana kabla ya mtoano hana budi kuyaeleza matokeo haya mawili kwa hoja moja. Akisema la Mei lilikuwa bahati mbaya na la Juni ndilo ubora halisi, au akigeuza maneno hayo kufuata timu anayoipenda, bado hajaeleza kitu. Maelezo yangu ni haya: msimu ukivurugika, msimamo wa ligi hutuambia machache kuliko tunavyodhani, na raundi moja ya mtoano hutuambia machache zaidi. Hesabu ya pointi pekee haitoshi. Lazima tujue zilipatikana dhidi ya nani, lini, na kwa kikosi kipi.

Kwa msomaji asiyeufuatilia mchezo huu, mpangilio wake ni rahisi. Wakati huo klabu 60, nyingi za Kanada na 8 za Marekani, ziligawanyika katika ligi tatu: ya Ontario (OHL), ya magharibi (WHL) na ya Quebec pamoja na majimbo ya pwani ya mashariki (QMJHL). Wachezaji wengi wana umri wa miaka 16 hadi 20, na klabu hairuhusiwi kuwa na zaidi ya watatu wenye miaka 20. Msimu wa kawaida huanza Septemba na kuisha Machi, ndipo mtoano hufuata, na mabingwa wa ligi tatu hukutana kuwania Memorial Cup. Tangu mwaka 1983 wanaungana na timu ya nne, mwenyeji wa mashindano, ambayo nafasi yake imehakikishwa hata ikitolewa mapema katika ligi yake. Kombe lenyewe lilianzishwa mwaka 1919 kwa kumbukumbu ya askari wa Kanada waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na lilishindaniwa kila mwaka hadi janga la korona liliposababisha kufutwa kwa mashindano ya 2020 na 2021.

Msimu wa 2020-21 ndio unaofundisha zaidi, kwa sababu uliharibika kwa namna tatu tofauti. Ontario haikucheza hata mechi moja ya ligi. Magharibi kila timu ilicheza mechi zisizozidi 24, dhidi ya timu za kundi lake tu, na hapakuwa na mtoano. QMJHL pekee ndiyo iliyomtoa bingwa, lakini kwa njia ya ajabu: timu za Quebec zilikusanywa katika mji mmoja baada ya mwingine na kufungiwa humo ili zicheze, huku timu za pwani zikicheza zenyewe kwa zenyewe, na hata hizo zikitenganishwa kila mipaka ya majimbo ilipofungwa. Mwisho wa msimu, Charlottetown Islanders ya kisiwa cha Prince Edward ndiyo iliyokuwa na rekodi bora katika ligi nzima. Ukiusoma msimamo juujuu ungesema taji limeshapata mwenyewe. Hebu fikiria timu ya soka ya wilaya inayocheza mwaka mzima na majirani wawili watatu, wengine wakiwa wanajenga vikosi upya, kisha inapelekwa taifa na watu wanazisoma pointi zake kana kwamba zimepatikana dhidi ya nchi nzima. Katika nusu fainali Charlottetown ilikutana na Victoriaville Tigres, timu iliyopikwa katika mechi za Quebec, ikatolewa kwa mechi 3 dhidi ya 2. Victoriaville ikaenda kuishinda Val-d'Or Foreurs kwa mechi 4 dhidi ya 2 na kupata taji lake la kwanza la ligi tangu 2002.

Sisemi kwamba Charlottetown ilikuwa timu dhaifu. Mwaka uliofuata, ratiba ilipoanza kurudi katika hali yake, klabu hiyo ilifika fainali ya ligi, ikafungwa na Shawinigan Cataractes, klabu iliyosubiri taji hilo tangu 1969. Timu inayofika nusu fainali mwaka mmoja na fainali mwaka unaofuata ni timu nzuri. Kosa lilikuwa kuichukulia rekodi yake kama kipimo kamili, ilhali kipimo hicho kilitengenezwa ndani ya chumba kilichofungwa. Vikundi viwili vya timu visipokutana kabisa, hakuna hesabu inayoweza kutuambia kipi kina nguvu zaidi. Pointi 60 za kundi moja na pointi 60 za kundi jingine zinafanana kwa tarakimu tu. Wachambuzi wa mpira wanalijua hili wanapolinganisha ligi za nchi mbili, lakini hulisahau upesi timu zote zinapoorodheshwa kwenye ukurasa mmoja.

Jambo la pili ni umri, na hapa hoki ya vijana inaachana kabisa na ile ya watu wazima. Kijana wa miaka 17 mwezi Septemba si mchezaji yuleyule mwezi Mei: ameongezeka uzito, amejifunza kusoma mchezo, pengine amepandishwa kutoka mstari wa nne hadi wa pili. Juu ya hilo kuna dirisha la uhamisho linalofungwa Januari, ambapo klabu zinazowania taji hutoa chipukizi na haki zao za kuchagua wachezaji wa miaka ijayo ili kupata vijana wa miaka 19 na 20 walio tayari. Klabu iliyopewa uenyeji wa Memorial Cup hufanya hivyo kwa nguvu zote, maana haitaki kuaibika mbele ya watu wake. Matokeo yake ni kwamba timu ya Oktoba na timu ya Machi zinaweza kuwa na jina moja na jezi moja tu. Katika msimu wa kawaida kikosi kipya hupata zaidi ya miezi miwili ya kuzoeana kabla ya mtoano. Msimu wa 2021-22 ligi ya QMJHL ilisimama tena kwa sababu ya korona kuanzia sikukuu za Desemba hadi Februari, katika wiki zilezile ambazo vikosi vipya vingeanza kuchanganyika uwanjani. Waliporudi, mechi zilibanwa karibukaribu na ratiba ikasogezwa hadi mwanzoni mwa Mei. Timu iliyojijenga upya ikaingia kwenye mtoano ikiwa imekimbizwa, na mazoezi yake yakiwa machache. Sidai kwamba hilo peke yake liliiangusha Saint John, lakini ni jambo ambalo hulioni popote katika ushindi 47 ulioandikwa kwenye msimamo.

Pingamizi la kwanza nalisikia kutoka kwa wanaopenda tarakimu: mechi 68 ni ushahidi mwingi, na mechi 5 ni chache, kwa hiyo tuuamini msimamo. Nusu ya pili ya pingamizi hilo ni kweli tupu. Chukua timu inayotarajiwa kumshinda mpinzani fulani mara 6 katika kila mechi 10, tofauti ambayo katika hoki ni kubwa. Mtoano wa kushinda mechi 3 kati ya 5 ukichezwa mara 100, timu hiyo bora itatolewa takriban mara 32. Ukiongeza urefu na kudai ushindi wa mechi 4 kati ya 7, bado itatolewa mara 29. Basi kufupishwa kwa raundi za mwanzo mwaka 2022 hakukubadili mambo sana. Hata raundi ndefu humwangusha aliye bora zaidi ya mara moja kwa kila mara nne, kwa sababu mchezo wenyewe una mabao machache na golikipa mmoja aliyeamka vizuri anaweza kuufunga mlango wiki nzima. Nusu ya kwanza ya pingamizi ndiyo inayoanguka. Mechi 68 ni ushahidi mwingi pale zinapokuwa zimechezwa na timu moja, kwa ratiba moja, dhidi ya wapinzani wanaowakilisha ligi. Msimu uliovurugika huvunja masharti yote matatu, na wingi wa mechi haurudishi kilichovunjika.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Ikiwa mechi chache hazithibitishi kitu, basi hata Memorial Cup ya Saint John haithibitishi kitu, kwani mashindano yenyewe ni ya siku kumi tu. Nakubali kwa sehemu. Kombe moja lisingetosha kuifanya timu iitwe bora. Lakini Saint John haikuwa ya kwanza kupita njia hii. Mwaka 2017 Windsor Spitfires, wenyeji, walitolewa raundi ya kwanza na London Knights katika mechi ya 7, wakakaa zaidi ya mwezi bila mechi, kisha wakashinda mechi zao zote 4 na kutwaa kombe. Mwaka 2018 Regina Pats, wenyeji pia, walitolewa raundi ya kwanza na Swift Current Broncos katika mechi ya 7, wakatinga fainali ya Memorial Cup na kufungwa 3-0 na Acadie-Bathurst Titan. Hao ni wenyeji watatu katika miaka michache. Wote waliaga ligi zao mapema kabisa, na wote walifika fainali dhidi ya mabingwa. Bahati inaweza kueleza mmoja wao. Kwa watatu ni rahisi zaidi kuamini kwamba ubora ulikuwapo muda wote, na raundi ya kwanza haikuwa na urefu wa kutosha kuuonyesha.

Lipo jambo linalowasaidia wenyeji hao ambalo si haki kulinyamazia, nalo ni mapumziko. Saint John ilipata zaidi ya wiki tano za kuponya majeraha na kufanya mazoezi bila kubughudhiwa. Hamilton ilikuwa imecheza fainali ya Ontario hadi mechi ya 7 dhidi ya Windsor, na ikaanza Memorial Cup Juni 20 ikiwa na siku chache tu za kupumua. Wengine watasema sababu halisi ilikuwa kocha mpya, Gardiner MacDougall, aliyekopwa kutoka Chuo Kikuu cha New Brunswick ambako alikuwa ameshinda ubingwa wa taifa wa vyuo mara 7. Mchango wake ni mkubwa, na timu ilicheza kwa utulivu ambao haukuonekana Mei. Ila Windsor ya 2017 ilitwaa kombe ikiwa na kocha yuleyule, Rocky Thompson, aliyefungwa raundi ya kwanza. Kilichokuwa cha pamoja kwa timu zote mbili ni muda: kikosi kilichojengwa kwa haraka hatimaye kilipata wiki za kukaa pamoja. Hilo ndilo msimu uliovurugika huzinyima timu za vijana kwanza, na ndilo mchambuzi anayetazama msimamo peke yake huwa wa mwisho kuliona.

Kwa hiyo naichambua timu ya vijana kabla ya mtoano kwa kuanzia nyuma. Natazama mechi zake za wiki sita za mwisho, kikosi kikiwa kamili, kabla sijagusa jumla ya msimu. Nahesabu ni mara ngapi imekutana na timu za nje ya eneo lake, na kama haijakutana nazo, rekodi yake naipunguzia uzito hata iwe nzuri namna gani. Namtazama golikipa kama ni mmoja anayetegemewa au wawili wanaopokezana kwa sababu hakuna aliyeaminika. Kwa vipimo hivyo, Charlottetown ya 2021 ilipewa sifa zaidi ya ushahidi uliokuwapo, na Saint John ya Mei 2022 ilihukumiwa kwa mechi 5 na watu waliokuwa na kila sababu ya kusubiri. Viongozi wa klabu wanaosoma haya nawaomba jambo moja: baada ya msimu uliokatizwa, msimfukuze kocha wala msimwandikie kijana ripoti ya mwisho kwa sababu ya wiki mbili za mtoano. Kijana wa miaka 20 hana msimu mwingine wa kuisahihisha ripoti hiyo.