Mlezi wa Msichana Awe Jirani

Kwenye karasha, yaani mashine za kusagia mawe ya dhahabu, za Lwamgasa na Nyarugusu, mkoani Geita, kazi za mwanamke zinajulikana: kuponda mawe, kuchekecha vumbi, kuteka maji ya mwalo, kupikia wachimbaji. Mwenye mawe akishasaga hulipa, kisha marudio, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa, huyaacha kwa mwenye karasha. Ndani ya marudio hayo mna dhahabu iliyobaki, ambayo baadaye hutolewa kwa sayanidi na kumnufaisha mwingine. Msichana aliyeacha shule anaweza kushinda hapo mwaka mzima, akikamua zebaki kwenye kitambaa kwa mikono mitupu, asipate wa kumweleza thamani ya marudio wala madhara ya mvuke wa zebaki kwa mtoto atakayembeba tumboni. Ujuzi huo upo palepale, kwa wanawake waliomtangulia. Ndiyo maana nashikilia kwamba programu za kuwalea wasichana huzaa matunda pale mlezi anapokuwa jirani anayeyajua maisha yao, na pale malezi yanapoambatana na kitu cha kuanzia, japo chumba cha kukutania na mtaji mdogo.

Ukanda huu wa Geita na Shinyanga una kila sababu ya kulivalia njuga jambo hili. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba mkoani Shinyanga, wanawake 59 kati ya kila 100 wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza 18, kiwango kilichoizidi mikoa yote nchini. Shinyanga ya wakati huo ilikuwa pana, Bukombe ikiwemo, kabla wilaya hiyo haijaingia mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Wapo wanaosema dawa ya ndoa za utotoni ni sheria. Nami naiheshimu sheria. Rebeca Gyumi, aliyefanya kazi shirika la Femina Hip kwa miaka kadhaa kabla ya kuanzisha shirika la Msichana Initiative, alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016 dhidi ya vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vilivyoruhusu binti wa miaka 15 aozwe kwa ridhaa ya wazazi, na wa 14 kwa idhini ya mahakama. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya serikali. Lakini hukumu haiwezi kukaa na binti jioni ile mshenga anapokuja kuzungumzia ng'ombe na baba yake. Anayeweza ni mtu, tena mtu anayefikika kwa miguu.

Wengine watasema tatizo ni umaskini, kwa hiyo wasichana wapewe fedha na maneno yaishe. Wana nusu ya ukweli. Mwaka 2008 shirika la BRAC lilianzisha Uganda vilabu ambamo msichana wa hapohapo kijijini, aliyewazidi wenzake umri kidogo, aliwaongoza katika stadi za maisha na za kazi. Baada ya miaka minne, watafiti waliolinganisha vijiji vyenye vilabu na visivyo navyo walikuta mimba za utotoni zimepungua kwa takriban theluthi moja, na wasichana wenye shughuli ya kipato wameongezeka kwa asilimia 48. Programu hiyohiyo ilipoletwa Tanzania, tathmini haikuona mabadiliko makubwa kwa vilabu peke yake, na watafiti walitaja uhaba wa rasilimali za kuviendesha. Palipoongezwa mikopo midogo, wasichana waliweka akiba zaidi. Anayetumia matokeo hayo kudai kwamba malezi hayafai kwetu anaharakisha mno. Mimi naona yanaonyesha kwamba tuliyaanzisha bila kuyagharamia.

Ndiyo maana navutiwa na shirika la CAMFED, lililopo nchini tangu 2005. Walezi wake ni wasichana waliomaliza sekondari na kurudi shule za kwao kufundisha stadi za maisha, na kwa kujitolea huko hupata nafasi ya cheti cha BTEC na ya mkopo usio na riba. Anayelea naye anakua. Wazazi wengine huhofia binti atafundishwa kiburi, na hofu hiyo isibezwe. Pwani, somo, yaani mwanamke anayemfunda binti aliyevunja ungo, alikabidhiwa mwari kwa sababu wazazi walimjua. Mlezi anayeletwa na gari la mradi na kuondoka nalo saa kumi hawezi kuaminiwa hivyo. Binti wa mtaa wa pili ataaminiwa.

Fedha zipo. Sheria inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na inaitaka migodi ikubaliane nazo kuhusu mpango wa kuihudumia jamii. Waheshimiwa madiwani wa Geita, Msalala na Kahama, kabla hamjapitisha semina nyingine ya siku mbili hotelini, ulizeni kwanza: wasichana hawa wanakutania wapi kila wiki, na mlezi wao anaishi kijiji gani?