Waliofia Barabarani Bila Kuandikwa

Katika ripoti yake ya usalama barabarani ya mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani liliipa kila nchi hesabu mbili za vifo: ile iliyotolewa na serikali yenyewe, na makadirio ya wataalamu wa shirika. Kwa mwaka 2016 Kenya iliripoti vifo 2,965. Makadirio yakasema 13,463. Tanzania iliripoti 3,256. Makadirio yakafika 16,252. Ikiwa makadirio hayo yanaukaribia ukweli, basi katika mwaka mmoja tu maelfu ya watu walizikwa na kusomewa arobaini bila jina lao kuingia katika hesabu ya ajali.

Nayaandika haya kwa ajili ya kijana anayesomea takwimu au uandishi wa programu, ambaye kila anayemwuliza humwelekeza benki au kampuni ya simu. Barabarani kuna kazi inayomngoja, na ni kazi ambayo mgeni mwenye shahada tatu hawezi kuifanya vizuri bila yeye.

Pengo lile lina sababu zinazoeleweka. Polisi huandika ajali waliyoifikia. Kipimo cha kimataifa humhesabu kila aliyefariki ndani ya siku 30 baada ya ajali, lakini majeruhi wa bodaboda aliyepelekwa hospitali na wasamaria wema, akafia wodini wiki ya pili, mara nyingi hubaki kwenye kitabu cha hospitali tu. Mwingine hafiki hospitali wala polisi. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mtaalamu wa data ni kuyakutanisha madaftari yasiyojuana.

Njia mojawapo ya kufanya hivyo ilitoka kwenye utafiti wa samaki. Mwishoni mwa karne ya 19 mtaalamu wa samaki wa Denmark, Petersen, aliwatia alama samaki aliowakamata, akawarudisha majini, kisha akatazama ni wangapi wenye alama wanaorudi nyavuni. Mwaka 1949 Chandrasekar na Deming waliigeuza hesabu ya namna hiyo kuwa chombo cha kukadiria vizazi na vifo nchini India. Tuchukue mfano wa kubuni. Katika wilaya moja polisi wana vifo 300, hospitali ina 200, na majina 60 yamo katika orodha zote mbili, kama samaki wenye alama waliorudi nyavuni. Zidisha 300 kwa 200, gawanya kwa 60: unapata vifo 1,000. Orodha zote mbili kwa pamoja zina watu 440 tu. Waliobaki 560 hakuna aliyewaona.

Hapo ndipo shughuli inapoanza kuwa nzito, kwa sababu kila kitu kinategemea wale 60. Mpango wa kompyuta ukishindwa kuwatambua 20 kati yao kwa kuwa majina yao yameandikwa tofauti, jibu linaruka hadi 1,500, na tumezua maiti 500 ambazo hazipo. Kosa la upande wa pili nalo lipo: ajali ambayo polisi wameifikia huenda ndiyo hiyo ambayo majeruhi wake wanawahishwa hospitali, orodha zikafanana kuliko inavyostahili, na makadirio yakashuka chini ya ukweli.

Kipimo kinachotumika sana kulinganisha majina hupewa jina la Levenshtein, mwanahisabati wa Urusi aliyekieleza mwaka 1965. Kinahesabu ni herufi ngapi zibadilishwe, ziongezwe au zifutwe ili neno moja liwe jingine. Fatma na Fatuma wanatofautiana kwa herufi moja, hapo hakuna taabu. Lakini Othman na Athumani wako umbali wa hatua tatu, ilhali Salma na Salim wako umbali wa hatua mbili. Kwa kompyuta, Salma na Salim ni watu wanaokaribiana zaidi kuliko Othman na Athumani! Yeyote aliyekulia Tanga au Mombasa anajua kwamba Othman wa kwenye cheti anaweza kuwa Athumani wa nyumbani, na kwamba Salma ni mwanamke na Salim ni mwanamume. Ujuzi huo haumo katika maktaba za Python. Anayeuingiza ni mwandishi wa programu aliyezaliwa nao, kwa kutengeneza jedwali la majina pacha na kuongeza jinsia, umri na tarehe ya ajali kama mashahidi wa ziada.

Majina ya mahali yana ugumu uleule, na Nairobi imetoa mfano bora ninaoujua. Mwaka 2021 jarida la PLOS ONE lilichapisha utafiti wa kundi la Benki ya Dunia likiongozwa na Sveta Milusheva. Walikusanya jumbe 874,588 za Twitter kuhusu hali ya barabara jijini humo. Programu yao ikachambua ni zipi zinazotaja ajali na ajali hiyo iko wapi. Kwa miaka ya 2012 hadi 2020 walipata taarifa 32,991 zenye mahali pake, na baada ya kuunganisha zile zilizozungumzia tukio moja wakabaki na ajali 22,872. Kisha wakafanya jambo ninaloliheshimu kuliko hesabu yote: kwa baadhi ya taarifa walimtuma papo hapo mwendesha pikipiki wa kupeleka vifurushi akaangalie kama ajali ipo kweli. Asilimia 92 zilithibitika.

Ugumu wake utauona ukifikiria ujumbe wa kawaida wa Nairobi: ajali Mombasa Road karibu na Bellevue, upande wa kuingia mjini. Mombasa inayotajwa ni barabara, si mji wa pwani. Kuna alama mbili za mahali, na ni moja tu inayoonyesha tukio lilipo. Tena data hii ina upofu wake. Mtembea kwa miguu aliyegongwa usiku kwenye barabara ya vumbi haikuwa rahisi aandikwe Twitter na mtu aliyekwama kwenye foleni.

Ukishajua ajali zilipo, swali linalofuata ni kama tiba imefanya kazi, na hapa wengi hudanganyika kwa nia njema. Makutano yaliyopata ajali nyingi mno mwaka huu, mwaka ujao huelekea kupungukiwa hata kama hakuna aliyeyagusa, kwa kuwa sehemu ya wingi ule ilikuwa bahati mbaya. Weka tuta hapo, na tuta litapewa sifa isiyo yake. Ezra Hauer wa Chuo Kikuu cha Toronto alitumia sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi kuwafundisha wahandisi kulirekebisha hilo, kwa kuchanganya rekodi ya makutano yenyewe na wastani wa makutano mengine yanayofanana nayo.

Njia safi zaidi ni kuchagua kwa bahati nasibu nani apate tiba na nani asipate. James Habyarimana na William Jack wa Georgetown walifanya hivyo nchini Kenya: matatu zilizochaguliwa kwa bahati nasibu zilibandikwa stika zinazowahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha vibaya. Walichopima ni madai ya bima. Katika jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2015, madai yalipungua kwa kati ya robo na theluthi. Karatasi yenye gundi! Dar es Salaam nako shirika la Amend lilitengeneza njia za miguu, matuta na vivuko karibu na shule za msingi, na utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ukaonyesha watoto walioumia wakipungua kwa asilimia 26. Bila wakusanyaji waliouliza kaya kwa kaya na mtu wa kuichambua data hiyo, kazi nzuri namna hii ingebaki hadithi ya kwenye picha za uzinduzi.

Milango ya kuingilia ni mingi. Mfumo wa iRAP, unaozipa barabara nyota moja hadi tano, huhitaji watu wa kutazama video na kuandika sifa za kila mita 100, zaidi ya 50 kwa kipande. Mamlaka za usafiri, yaani NTSA ya Kenya na LATRA ya Tanzania, kampuni za bima, hospitali za rufaa na taasisi za utafiti wa afya zote zinakalia data inayohitaji mikono. SQL, R au Python, na QGIS kwa ramani, vinatosha kuanzia. Kwa mazoezi, Marekani imeweka wazi rekodi za kila ajali iliyoua tangu 1975 katika mfumo wa FARS, na Uingereza ina STATS19, ambayo watafiti wa Leeds wameitengenezea kifurushi cha R chenye jina hilohilo.

Kisha kijana wetu aende hospitali ya wilaya akiwa na kibali cha utafiti na cha kamati ya maadili, maana vitabu vile vina majina ya watu na siri zao. Atakuta kurasa za mwandiko wa wauguzi wa zamu, nyingine zimelowa. Awape makarani wawili waingize ukurasa uleule, kila mmoja peke yake, na programu yake ya kwanza iwe ile inayoonyesha mahali walipotofautiana.