Je, Wajua? Meli ya Barua Inayopita Bandari 34

Je, wajua kwamba mojawapo ya safari za meli zinazotamaniwa zaidi na watalii haikuanzishwa kwa ajili ya watalii? Ilianzishwa kwa ajili ya barua. Kila siku meli moja hung'oa nanga Bergen, kusini-magharibi mwa Norwei, hupanda mwambao bandari kwa bandari hadi Kirkenes, karibu na mpaka wa Urusi, kisha hugeuza na kurudi ilikotoka. Kwenda na kurudi ni siku 12 na maili za baharini zipatazo 2,500. Bandari ni 34. Njia hiyo inaitwa Hurtigruten, na leo inahudumiwa na meli 11 za kampuni mbili.

Watalii hulala juu, kwenye kebini zenye madirisha yanayotazama milima. Chini yao, ubavuni mwa meli, kuna mlango mpana unaofunguliwa kila inapofunga gati. Foklifti huingia na kutoka na samaki, vyakula vya dukani, samani, vipuri vya mashine. Bandari nyingine hupewa robo saa tu: kamba zinarushwa, mlango unashuka, mizigo inabadilishana, mama mmoja na begi lake anapanda, kijana mmoja anashuka na kukumbatiwa na wazazi wake, kamba zinafunguliwa, meli imeondoka. Huenda ni saa nane za usiku na theluji inaanguka, na bado kuna watu gatini. Kwa maoni yangu hapo ndipo utamu wa safari hii ulipo, na yeyote atakayejaliwa kuipanda asiache kuamka angalau usiku mmoja akasimame sitahani kutazama mlango ule ukifunguliwa.

Wenyeji wa mwambao hawalazimiki kulipia kebini. Anayetoka bandari moja kwenda ya pili au ya tatu hukata tiketi ya kipande hicho tu, hutafuta kiti sebuleni, hunywa kahawa na kushuka. Mkataba wa kampuni hizo mbili na serikali unazitaka zihifadhi nafasi kwa abiria wa aina hiyo, na zibebe mizigo kati ya Tromsø na Kirkenes, ambako vijiji vimetawanyika na barabara za majira ya baridi hazina uhakika.

Je, wajua barua ilichukua muda gani kabla ya meli hizi? Kutoka Trondheim hadi Hammerfest ilikuwa wiki tatu wakati wa kiangazi, na katika majira ya baridi iliweza kufika miezi mitano. Serikali ikatafuta mtu wa kuendesha meli ya uhakika, usiku na mchana. Kampuni kubwa mbili zikakataa, na sababu zilikuwa nazo. Kaskazini ya Trondheim kulikuwa na minara ya taa 28 tu na ramani mbili za bahari, katika nchi ambayo mwambao wake wote, ukiuhesabu pamoja na visiwa, una urefu wa zaidi ya kilomita 100,000. Nani angepitisha meli ya abiria gizani katikati ya miamba yote ile?

Aliyekubali ni Richard With, nahodha mwenye duka katika kijiji cha Risøyhamn. Yeye na rubani wake wa bahari, Anders Holte, walikuwa kwa muda mrefu wakiandika kila walichopitia: dira inaelekea wapi, meli inakwenda kwa kasi gani, inachukua dakika ngapi hadi kwenye kona inayofuata. Mwenye daftari hilo, dira na saa nzuri aliweza kuipitisha meli hata kama haoni kitu mbele yake.

Tarehe 2 Julai 1893, saa mbili na nusu asubuhi, meli Vesteraalen iliondoka Trondheim. Tarehe 5, saa tisa na nusu usiku, ilikuwa Hammerfest. Saa 67! Wiki tatu zilikuwa zimegeuka kuwa siku tatu, na mfanyabiashara wa samaki wa kaskazini sasa aliweza kuandika barua ya biashara na kupata jibu kabla samaki wake hawajapoteza bei. Meli hiyohiyo iliendelea na kazi kwa karibu nusu karne, hadi Oktoba 1941 ilipozamishwa na nyambizi ya Kisovieti wakati Norwei inakaliwa na Wajerumani. Haikuwa peke yake. Meli kadhaa za njia hii zilipotea katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia pamoja na abiria wao, wengi wakiwa raia waliokuwa wakisafiri kwenda makwao.

Je, wajua kwamba kijiji cha mwanzilishi mwenyewe hakikuweza kuipokea meli yake? Maji ya Risøyhamn yalikuwa na kina kifupi mno. Ilibidi uchimbwe mfereji chini ya bahari, Risøyrenna, wenye urefu wa kilomita 4 na nusu hivi, na ulipokamilika mwaka 1922 aliyekuja kuufungua ni Mfalme Haakon wa Saba. With alikuwa hai. Alifariki mwaka 1930. Hadi leo meli hupita humo polepole, katikati ya maboya, na ukiinama kutazama maji unaona rangi ya mchanga si mbali.

Berlevåg walisubiri zaidi. Kijiji hicho kimeikabili bahari ya Aktiki bila kisiwa cha kukikinga, na mawimbi yalivunja kila ukuta uliojengwa. Hadi miaka ya 1970, ulipokamilika ukuta imara wa zege, meli ilisimama nje na abiria walifuatwa kwa mashua. Msomaji wa Kigoma hahitaji kuelezwa hali hiyo. Kwa miongo mingi ndivyo MV Liemba ilivyowahudumia watu wa Ziwa Tanganyika: meli inasimama majini, mitumbwi inaizunguka, watu, mabunda ya dagaa na watoto wachanga wanapandishwa kwa mikono. Na Liemba yenyewe ina uhusiano na meli za kitalii ambao wengi hawaujui. Liemba ilijengwa mwaka 1913 katika karakana ya Meyer, mjini Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande na kusafirishwa hadi Dar es Salaam, kisha Kigoma kwa reli. Karakana hiyo ingali inafanya kazi, na leo inasifika duniani kwa kujenga meli kubwa mno za kitalii.

Je, wajua kwamba kuna mstari baharini ambao ukiuvuka unamwagiwa barafu mgongoni? Asubuhi ya siku ya nne meli inavuka Duara ya Aktiki, penye kisiwa kidogo chenye sanamu ya tufe la dunia juu ya mwamba. Baadaye abiria huitwa sitahani, ambako baharia aliyevaa ndevu na taji, akijifanya mfalme wa bahari, anawasubiri na ndoo ya maji na vipande vya barafu. Unainama, kola inavutwa nyuma, upawa mzima unaingia shingoni. Watu wazima hupiga kelele kama watoto. Wakati wa kurudi, mahali hapohapo, dawa ni kijiko cha mafuta ya ini la samaki.

Kaskazini ya duara hiyo saa za Waswahili zinapata mtihani. Sisi huhesabu saa kwa jua: likichomoza tunaanza moja, likitua tunaanza moja tena. Tromsø, tangu karibu tarehe 20 Mei hadi 22 Julai, jua halitui kabisa. Linazunguka angani, linashuka hadi karibu na upeo, linapanda tena. Na tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari halichomozi. Mchana ni rangi ya buluu ya saa chache tu, kisha giza. Mwislamu anayefunga Ramadhani huko afuturu lini, na aswali magharibi saa ngapi? Waislamu wa mji huo, katika misimu hiyo, wamekuwa wakifuata nyakati za Makka. Kwenye meli, kiangazi huwanyima abiria usingizi, kwani kila ukitazama nje unaona ni mchana. Majira ya baridi huwaamsha kwa sababu nyingine. Mianga ya kaskazini ikianza kucheza angani, tangazo hutolewa kwa vipaza sauti hata kama ni usiku wa manane, na ngazi zinajaa watu waliovaa koti juu ya nguo za kulalia.

Bahari yenyewe, ajabu ni kwamba haigandi. Mkondo wa maji ya uvuguvugu unaovuka Atlantiki hufika hadi juu kabisa, na ndiyo maana bandari ya Hammerfest, iliyo zaidi ya nyuzi 70 kaskazini ya ikweta, iko wazi mwaka mzima. Bila mkondo huo hesabu za Richard With zisingemsaidia kitu.

Njiani meli hupita visiwa vya Lofoten, ambako hewa ina harufu ya samaki. Tangu Februari hadi Mei utaona vichanja virefu vya miti vilivyotundikwa samaki, wawili wawili, wamefungwa mikia. Huyo ni skrei, anayekuja kutaga kutoka Bahari ya Barents. Hawekwi chumvi kama ng'onda wetu; upepo na baridi peke yake humkausha hadi anakuwa mgumu kama ubao. Kiwiliwili kinanunuliwa sana Italia. Vichwa, vinavyotundikwa kwenye vichanja vyao peke yao, husafiri kwenda Nigeria, ambako supu bila samaki huyo, okporoko, haijakamilika kwa watu wengi. Biashara hiyo ilishika kasi baada ya vita vya Biafra vya 1967 hadi 1970, samaki huyo alipopelekwa kama chakula cha msaada kwa watu wenye njaa.

Humohumo Lofoten kuna hori la Trollfjord. Mdomo wake una upana wa mita 100 hivi. Meli inayoitwa Richard With ina urefu wa mita 122. Meli inaingia katikati ya kuta za mwamba, inafika ndani, inajizungusha papo hapo kwa mapanga yake ya pembeni na kutoka ikitanguliza omo.

Je, wajua kwamba taifa zima liliwahi kukaa kuitazama meli hii kwenye televisheni? Juni 2011, shirika la utangazaji la Norwei, NRK, lilifunga kamera kwenye meli Nordnorge na kurusha safari ya Bergen hadi Kirkenes moja kwa moja, usiku na mchana, kwa saa 134. Mtangazaji hakuwapo, wala hadithi. Ilikuwa maji, milima, gati, maji tena. Zaidi ya watu milioni 3 walitazama angalau sehemu yake, katika nchi ambayo wakati huo haikufikisha watu milioni 5. Siku zilivyosonga, watu walianza kuja gatini na mabango na vyombo vya muziki, boti zikaifuata meli, na hata Malkia Sonja alisimama kwenye boti ya kifalme akaipungia mkono. Walichokuwa wakikitazama ni makwao: kila mwenye asili ya mwambao alisubiri zamu ya bandari yake.

Karibu na mwisho wa njia, bandari ya Vadsø hupitiwa mara moja tu, meli ikienda; ikirudi haisimami. Hapo pangali pana mlingoti wa chuma ambako chombo cha angani cha mvumbuzi Roald Amundsen, Norge, kilifungwa mwaka 1926, kabla ya kuruka juu ya Ncha ya Kaskazini hadi Alaska.

Kisha Kirkenes. Vibao vya barabarani vimeandikwa Kinorwei na Kirusi. Abiria wengi hudhani wamekuwa wakienda kaskazini tu, kumbe wamekwenda mashariki vilevile, hadi wameipita Istanbul. Chukua ramani ushuke kutoka Kirkenes moja kwa moja kuelekea kusini: utapita jirani na St Petersburg, Kyiv na Alexandria, utakatiza Sudan, utafika Kasese, kisha Kigali, kisha Kasulu. Mkazi wa Kigali na mkazi wa Kirkenes wanafikiwa na adhuhuri ya jua kwa wakati mmoja.

Meli hukaa hapo saa tatu na kitu, hushusha, hupakia, hugeuza. Ratiba imepangwa ili bandari nyingi zilizopitwa usiku wakati wa kwenda zionekane mchana wakati wa kurudi. Aliyekuwa amelala fofofo meli iliposimama Vardø usiku, alasiri ya siku hiyohiyo anashuka kwa muda wa saa moja na kutembea hadi kwenye ngome ya kale yenye umbo la nyota. Mizinga iko pale, na haijastaafu. Kila Januari, siku ya kwanza jua linapoonekana zima juu ya upeo baada ya miezi ya giza, mzinga hupigwa kulisalimu, na watoto wa shule za Vardø hupewa mapumziko ya siku nzima.