Kamera ya nyumbani: mwanga kwanza, megapikseli baadaye

Kamera ya dijitali hukusanya mwanga na kuugeuza kuwa namba. Nyuma ya lenzi kuna kihisi cha silikoni chenye mamilioni ya pikseli, na kila pikseli hupokea chembe za mwanga, yaani fotoni, na kutoa chaji ya umeme. Kamera ya kwanza ya aina hii, aliyoitengeneza Steven Sasson katika kampuni ya Kodak mwaka 1975, ilikuwa na pikseli 10,000 tu, na ilichukua sekunde 23 kuhifadhi picha moja kwenye kaseti. Leo hata simu ya bei ya chini ina mamilioni ya pikseli, na ni kwa hesabu hiyo wateja wanadanganywa madukani.

Mteja huambiwa kwamba megapikseli, yaani mamilioni ya pikseli, zikiwa nyingi, picha inakuwa nzuri. Si kweli. Picha ya albamu ya sentimita 10 kwa 15 huchapwa kwa ubora wa juu ikiwa na megapikseli 2 na kidogo. Karatasi nzima ya A4 hutosheka na 9. Kamera zisizo na jina zenye maandishi makubwa ya “48MP” kwenye boksi mara nyingi zina kihisi kidogo chenye pikseli chache, na programu iliyomo ndani huipanua picha kwa kubuni pikseli ambazo lenzi haikuziona. Muuzaji anayelijua hilo akanyamaza anamwibia mteja.

Kinachoamua uzuri wa picha ni kiasi cha mwanga kinachokifikia kihisi. Kwa familia inayoishi Masoko, wilayani Rungwe, hilo ni jambo zito. Mji wa Tukuyu, wilayani humo, uko takriban mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na eneo hilo hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Ukungu hushuka juu ya migomba na mashamba ya chai, na picha nyingi za nyumbani hupigwa jioni, sebuleni, chini ya balbu moja. Jua kali la mchana hutoa mwangaza wa takriban lux 100,000. Sebule kama hiyo mara nyingi haifiki 100.

Hapo ndipo fizikia inapoingia. Fotoni hazifiki kwa mpangilio, bali kwa kubahatisha, kama matone ya kwanza ya mvua yanavyopiga bati: huku mawili, kule hakuna, pale matano. Pikseli inayotarajiwa kupokea fotoni 10,000 hukosea kwa takriban 100, yaani asilimia 1, na jicho halitambui. Inayotarajiwa kupokea 100 hukosea kwa 10, asilimia 10 nzima, na hizo ndizo chenga zinazochafua mashavu ya mtoto kwenye picha ya usiku. Chenga hizo zimo ndani ya mwanga wenyewe, kwa hiyo hakuna fundi wa kuziondoa bila kufuta pia vinyweleo na nyuzi za sweta. Dawa ni kukusanya fotoni zaidi. Kihisi cha kamera nyingi ndogo za mfukoni kina upana wa milimita 6.2 na urefu wa 4.6, kile cha kamera nyingi za kubadilisha lenzi kina takriban 23.5 kwa 15.6, eneo kubwa mara 13. Lenzi nayo ina lake: yenye namba f/1.8 hupitisha mwanga karibu mara nne ya ile yenye f/3.5. Simu janja hufidia kihisi chake kidogo kwa kuunganisha picha kadhaa zilizopigwa mfululizo, lakini mtoto akikimbia, picha hizo hazilingani na uso hufifia.

Husemwa pia kwamba kamera haipendi ngozi nyeusi. Kamera haina chuki; ina dhana. Hudhani kwamba kila kilicho mbele yake, kwa wastani, ni kijivu cha kati. Mtoto akisimama mbele ya ukuta mweupe, au kando ya Ziwa Masoko lililofunikwa na ukungu, kamera huona weupe mwingi, hupunguza mwanga, na uso wake hubaki kivuli. Kitufe chenye alama ya +/− kikisogezwa hadi +1, sura hurudi.

Uvumi mwingine ni kwamba flashi humpofusha mtoto mchanga. Mmweko wa flashi ya kawaida hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde, na hakuna ushahidi kwamba unaharibu retina. Kinyume chake, flashi imewahi kuokoa maisha: mboni inayong’aa nyeupe kwenye picha, badala ya nyekundu au nyeusi, inaweza kuwa dalili ya retinoblastoma, saratani ya jicho inayowapata zaidi watoto wa chini ya miaka mitano. Inaweza pia kuwa mtoto wa jicho, au pembe tu ya mwanga, lakini anayepambanua ni daktari wa macho. Mganga anayesema ni kurogwa, kisha akadondoshea jicho hilo maji ya majani, anamnyang’anya mtoto wiki ambazo hana za kupoteza.

Adui wa mwisho ni unyevu. Fangasi huota ndani ya lenzi na asidi yake hula utando wa kioo. Mfuko wa ngozi huizidishia chakula. Mchele, hata wa Kyela, hunyonya unyevu kidogo mno na kuacha vumbi la wanga. Kinachofaa ni chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, chenye vipakiti vya jeli ya silika. Kamera inayoteremshwa kutoka baridi ya Tukuyu hadi joto la Kyela ibaki ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa hadi ipate joto, la sivyo mvuke hugeuka matone ya maji juu ya lenzi.

Dukani, mnunuzi aulize ukubwa wa kihisi na namba ya f, apige picha ya mtu aliye kwenye kona yenye giza, kisha aikuze usoni. Lenzi ya mtumba imulikwe kwa tochi. Nyuzi nyeupe zinazotambaa kutoka ukingoni ni fangasi. Mwenye simu nzuri asinunue kamera ya mfukoni yenye kihisi kidogo. Hiyo ni hela ya kutupa.