Rezista na umri wa globu

Globu ya waya, ile ya zamani inayounguza vidole, aghalabu huungua pale unapobonyeza swichi. Uzi wake wa tungsteni hufikia nyuzi joto 2,500 hivi za Selsiasi, na katika joto hilo metali hugeuka mvuke kidogo kidogo. Weusi unaouona ndani ya kioo cha globu kuukuu ndio mvuke huo ulioganda. Uzi hukonda, na pale ulipokonda zaidi hupata moto kuliko kwingine. Tena uzi uliopoa una ukinzani mdogo sana: globu ya wati 60 kwenye volti 240 ina omu 960 ikiwaka, lakini ikiwa baridi hazifiki hata 100. Ukiwasha, umeme mwingi huingia kwa mpigo, palipokonda hukatika, basi tena.

Ndiyo maana wapo mafundi wanaounga rezista mfululizo na globu. Kwa globu yetu hii, rezista ya omu 100 huiachia volti 216 hivi. Mpigo wa kuwasha hupungua, ingawa faida kubwa zaidi ni kwamba uzi hauchemki kama awali. Volti zikishuka kwa asilimia 10, umri wa globu huongezeka takriban mara nne.

Lakini mwanga nao hushuka kwa karibu asilimia 30, ilhali umeme unaolipia hupungua kutoka wati 60 hadi 56 tu, kwa kuwa rezista yenyewe hula wati 5 au 6. Globu ya saa 1,000 humaliza uniti 60 kabla ya kuungua. Linganisha gharama hiyo na bei ya globu dukani. Hata globu ile maarufu kwa kudumu, ya kituo cha zimamoto cha Livermore, California, iliyowashwa mara ya kwanza mwaka 1901, leo inatoa mwanga wa wati 4 hivi tu. Si taa ya kusomea.

Penye maana ni banda la vifaranga, kwa sababu pale tunachotafuta ni joto, na hata la rezista halipotei. Mwambie fundi aweke rezista ya wati 10 au zaidi, ndani ya kasha la bati lenye matundu, mbali na maranda, maana huchoma. Sebuleni, nunua taa ya LED ya wati 9.