Nikea Haikuondoa Kitabu Chochote

Swali huja kwa sura nyingi, lakini ni lile lile: "Mwalimu, vile vitabu vilivyoondolewa kwenye Biblia kule Nikea viko wapi?" Naulizwa darasani, naulizwa kwenye semina za vijana, na siku hizi naulizwa zaidi kwa ujumbe wa WhatsApp ulioambatana na video ya mtu anayesimulia jinsi mfalme Konstantino alivyowakusanya maaskofu, wakapitisha vitabu alivyovitaka yeye na kuvichoma vingine. Muulizaji hataki kujua kama jambo hilo lilitokea. Hilo ameshalimeza. Anataka orodha. Na ukimsikiliza vizuri, chini ya swali kuna hofu: kama sijavisoma vitabu hivyo, je, wokovu wangu umekamilika? Hofu hiyo imeshapata wafanyabiashara, ndiyo maana naandika.

Jibu ni fupi. Nikea hakikuondolewa kitabu, hakikuongezwa kitabu, wala suala la vitabu gani viwe Maandiko Matakatifu halikuwa miongoni mwa mambo yaliyowapeleka maaskofu kule. Walikutana mwaka 325, katika mji ambao leo uko Uturuki na unaitwa İznik. Ni kweli aliyewaita alikuwa Konstantino. Ugomvi wenyewe ulihusu mafundisho ya Ario, padre wa Aleksandria, aliyefundisha kwamba Mwana wa Mungu ni kiumbe na kwamba kulikuwa na wakati ambapo hakuwapo. Maaskofu walimjibu kwa kanuni ya imani, wakaamua juu ya tarehe ya Pasaka, wakashughulikia mgawanyiko uliokuwa ukilisumbua Kanisa la Misri, kisha wakatunga kanuni 20 za nidhamu. Kanuni hizo tunazo zote. Zinazungumzia mapadre waliojihasi, makleri wanaokopesha kwa riba, maaskofu wanaohama jimbo moja kwenda jingine, waumini walioikana imani wakati wa mateso, hata suala la kupiga magoti siku ya Jumapili. Zisome kuanzia ya kwanza hadi ya 20. Orodha ya vitabu vya Biblia haimo.

Wapo wanaonijibu kwamba orodha ilikuwapo ila ilifichwa. Basi tuwatazame watu waliokuwamo ukumbini. Eusebio wa Kaisaria alikuwapo. Aliandika kirefu kuhusu Konstantino na kuhusu mtaguso ule, na ndiye mtu wa zamani aliyejishughulisha kuliko wengi na suala la vitabu gani vinakubalika makanisani na vipi vinabishaniwa. Hataji popote kwamba Nikea ilimaliza ubishi huo. Athanasio naye alikuwapo, akiwa shemasi kijana. Miaka 42 baadaye, akiwa askofu wa Aleksandria, aliandika barua ya Pasaka ya mwaka 367 akaorodhesha vitabu 27 vya Agano Jipya, hivi hivi tulivyo navyo leo. Athanasio aliipigania Nikea maisha yake yote, akafukuzwa uaskofu mara kadhaa kwa ajili yake. Kama Nikea ingekuwa imetoa orodha, yeye ndiye angekuwa wa kwanza kuinyanyua. Hakufanya hivyo. Alisema anaandika yale yaliyopokewa kutoka kwa waliotangulia. Kauli pekee ya kale inayokaribia dai hili ni ya Yeronimo, anayesema katika utangulizi wake wa kitabu cha Yudithi kwamba inasemekana Nikea ilikihesabu kitabu hicho kati ya Maandiko. Hata hapo habari ni ya kitabu kuhesabiwa ndani, na kitabu chenyewe ni kimoja.

Hadithi ilitoka wapi, basi? Ilitoka katika maandishi ya Kigiriki ya mwishoni mwa karne ya 9, zaidi ya miaka 500 baada ya mtaguso. Humo imeandikwa kwamba maaskofu waliviweka vitabu vyote kando ya madhabahu, wakaomba, na vile vya kweli vikakutwa juu na vya uongo chini. Maandishi hayo yalipigwa chapa mwaka 1601. Voltaire wa Ufaransa akayachukua katika karne ya 18 ili kulicheka Kanisa. Mwaka 2003 Dan Brown akamweka mhusika wa riwaya yake, The Da Vinci Code, kusimulia jinsi Konstantino alivyoitengeneza Biblia, na mwaka 2006 ikawa filamu. Huo ndio ukoo wa video uliyotumiwa: muujiza uliotungwa, dhihaka, kisha riwaya. Inanichosha kuona watu wazima, baadhi yao wahubiri, wakisimama mimbarani na hoja iliyotoka kwenye riwaya bila kuuliza imetoka wapi.

Na kuna swali ambalo sijapata kulisikia likijibiwa na wenye hadithi hii. Kama vitabu vilichaguliwa mwaka 325, Wakristo wa mwaka 303 walikuwa wakifia vitabu gani?

Mwezi Februari mwaka 303, mfalme Diokletiano aliamuru makanisa yabomolewe na Maandiko yachomwe. Tarehe 19 Mei mwaka huo, katika mji wa Cirta, ambao leo uko Algeria, meya Munatius Felix alifika na watu wake kwenye nyumba ambamo Wakristo walikuwa wakikutana. Karani wake aliandika kila kitu, na maandishi hayo yamehifadhiwa kwa sababu yalisomwa baadaye kama ushahidi katika kesi. Meya anadai vitabu. Askofu Paulo anajibu kwamba vitabu wanavyo wasomaji wa kanisa. Wanaanza kuorodhesha mali: vikombe viwili vya dhahabu, vikombe sita vya fedha, taa, kanzu 82 za kike, jozi 47 za viatu vya kike, bila shaka akiba ya kuwavisha maskini. Wanafika kwenye chumba cha vitabu, makabati matupu. Shemasi mdogo mmoja analeta kitabu kimoja kikubwa sana. Meya haridhiki. Wanazunguka nyumba kwa nyumba. Feliksi, fundi wa mosaiki, anatoa vitabu vitano. Victorinus anatoa vinane. Kwa Koddeo mume hayupo, mkewe anatoa sita. Mtumwa wa serikali anaingizwa ndani kupekua, anarudi na kusema hakuna zaidi.

Hakuna hata mmoja kati ya watu hawa anayeuliza, "Maandiko ni yapi?" Meya anajua, wasomaji wanajua, mke wa Koddeo anajua. Huko Karthago, katika mateso hayo hayo, askofu Mensurio alijitetea kwamba Maandiko aliyaficha, akayaacha kanisani maandishi ya wazushi, na maofisa wakayachukua wakidhani ndiyo yenyewe. Mtu anawezaje kubadilisha vitabu namna hiyo, miaka zaidi ya 20 kabla ya Nikea, kama tofauti kati ya Maandiko na maandishi mengine ilikuwa haijajulikana? Rudi nyuma zaidi: mwaka 180, Wakristo wa kijiji cha Scilli walipohukumiwa Karthago, hakimu aliwauliza wana nini ndani ya kasha lao, wakasema ni vitabu na barua za Paulo. Wakati huo huo hivi, Ireneo wa Lyon alikuwa ameshaandika kwamba Injili ni nne, si zaidi wala pungufu.

Sisemi kwamba kila kitu kilikuwa shwari. Yakobo, Yuda, Petro wa pili, Yohana wa pili na wa tatu, Waebrania na Ufunuo vilibishaniwa kwa muda mrefu, katika makanisa tofauti na kwa sababu tofauti. Kitabu cha Mchungaji wa Herma kilipendwa mno, hata kimo katika Kodeksi ya Sinai ya karne ya 4. Askofu Serapioni wa Antiokia, karibu na mwaka 200, aliwaruhusu waumini wa Rhossus kusoma injili iliyoitwa ya Petro bila yeye mwenyewe kuisoma. Alipoisoma akaikataa na kuwaandikia sababu zake. Kanoni, yaani orodha ya vitabu vya Maandiko, ilikua hivyo, kanisa baada ya kanisa, kwa kusoma hadharani na kubishana hadharani. Mitaguso ya Hippo mwaka 393 na Karthago mwaka 397 iliandika kile ambacho makanisa ya Afrika Kaskazini yalikuwa yakisoma. Uvuvio si hadhi ambayo kikao kinaweza kukipa kitabu kwa kupiga kura. Mtaguso wa kwanza wa Vatikano, mwaka 1870, ulisema wazi kwamba vitabu hivi ni vitakatifu kwa kuwa vimevuviwa na Mungu, si kwa kuwa Kanisa lilivipitisha baadaye, na hapo Wakatoliki na Waprotestanti hawana ugomvi.

Wanaotaka sana habari za kuondolewa waiache Nikea waende London. Martin Luther, katika Biblia yake ya mwaka 1534, aliviweka Tobiti, Yudithi, Hekima, Sira, Makabayo na wenzao katika sehemu yao peke yao kati ya Agano la Kale na Jipya; hakuvitupa. Mtaguso wa Trento mwaka 1546 ulithibitisha kwamba kwa Wakatoliki ni Maandiko kamili. Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 ilivichapa. Ni mwaka 1826 ambapo Chama cha Biblia cha Uingereza, baada ya ugomvi mkali juu ya fedha za wafadhili, kiliamua kutovigharimia tena, na wamisionari wa Kiprotestanti waliokuja kwetu walikuja na Biblia za namna hiyo. Ndiyo maana Union Version ya Kiswahili ya mwaka 1952 ina vitabu 66, Mkatoliki anahesabu 73, na Waorthodoksi wa Ethiopia wanahesabu 81. Hakuna siri hapo. Kila kanisa limeandika idadi yake na kueleza sababu.

Sasa bidhaa zenyewe. Kitabu cha Henoko hakijafichwa: Waethiopia wamekisoma kanisani karne zote hizi kwa Kige'ez, James Bruce alipeleka nakala Ulaya mwaka 1773, na vipande vya Kiaramu vilipatikana Qumrani. Barua ya Yuda inakinukuu. Injili ya Barnaba, inayopendwa sana kwenye mihadhara, inajulikana kwa nakala ya Kiitaliano ya karne ya 16 na nyingine ya Kihispania, na humo Yesu anaitaja Yubilei ya kila miaka 100, desturi iliyoanzishwa na Papa Boniface wa Nane mwaka 1300. Anayeitetea kama maandishi ya mtume ajibu hilo kwanza. Na Kitabu cha Sita na cha Saba cha Musa, ambacho wengine hukinong'ona kama ufunguo wa ukombozi, ni kitabu cha uganga kilichopigwa chapa Stuttgart mwaka 1849. Musa hahusiki nacho kabisa.

Wokovu hauko humo, na sisemi hivyo kwa kubahatisha. Makanisa yanabishana kuhusu ubatizo, matendo, na kama mtu anaweza kuupoteza wokovu. Yanabishana hata kuhusu kuwaombea wafu, na hapo Makabayo wa pili sura ya 12 ina uzito wa kweli. Lakini yote yanafundisha kwamba wokovu ni zawadi ya Mungu katika Kristo, na kwamba yanayohitajika ili kuupokea yamehubiriwa waziwazi. Kifungu cha 6 kati ya Vifungu 39 vya Waanglikana kinasema Maandiko yana yote yanayohitajika kwa wokovu. Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1965, unasema Maandiko yanafundisha ukweli ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu. Fundisho kwamba wokovu hupatikana kwa maarifa ya siri waliyopewa wachache lina jina katika historia ya Kanisa. Ni Unostiki. Injili ya Tomaso, iliyopatikana Nag Hammadi huko Misri mwaka 1945, inaanza kwa kutangaza kwamba maneno yake ni ya siri na kwamba atakayepata maana yake hataonja mauti. Ireneo aliwajibu watu wa namna hii zamani: mitume wangekuwa na siri, wangewapa kwanza wale waliowakabidhi makanisa. Kwa hiyo anayekuuzia "vitabu vilivyofichwa" leo hajakuletea jambo jipya. Amekuletea uzushi ule ule, na ameuwekea bei.

Unataka kusoma zaidi? Soma. Biblia Habari Njema ina toleo lenye vitabu vya deuterokanoni, yaani Tobiti, Yudithi na wenzao. Muulize padre au duka la vitabu la kanisa. Mprotestanti hatapotea kwa kusoma Sira au Makabayo. Henoko msome kama maandishi ya Wayahudi wa kale, ukijua kwamba nje ya Ethiopia na Eritrea makanisa karibu yote hayamhesabu katika kanoni. Tomaso yuko bure mtandaoni. Barua ya Athanasio na kanuni 20 za Nikea ziko huko huko, na ni fupi. Anza na hizo kabla ya kunitumia video. Na kama hujawahi kuzisoma Injili nne hadi mwisho, vitabu vilivyofichwa vinaweza kusubiri.

Mhubiri yeyote anayekuambia kuna kitabu cha siri unachopaswa kununua ili uokoke au ufunguliwe, mwulize mbele ya watu ni kanisa gani, katika mji gani, lililowahi kukisoma hadharani. Asipoweza kulitaja, usimlipe.